Debe la Tata na Kichwa cha Katibu

Mdogo wangu Marwa,

Simu yako haipatikani. Namba ya yule rafiki yako wa Nyangoto sasa anaipokea mwanamke asiyekujua, na mtu niliyemtuma akutafute alirudi akaniambia kwamba kwenye maduara, hayo mashimo ya dhahabu, akina Marwa wamejaa, sasa mimi namtaka Marwa yupi. Ndiyo maana naandika wazi. Barua hii nitaipitisha kwenye makundi ya simu ya watu wa huko, ifike inakofika. Anayemjua kijana mrefu wa Busawe, anayekunywa chai bila sukari na anayecheka kwa kupiga chafya, amsomee. Wengine wakiisoma, wasome tu. Humu ndani kuna mambo yangu ya aibu na nimekubali yaonekane.

Nianze na debe la Tata. Unalikumbuka, lile la mafuta ya kupikia, lililobonyea upande mmoja baada ya kukanyagwa na ndama. Kila jioni Tata alisimama langoni akaligonga kwa kijiti mara tatu, kisha akanyamaza. Ng'ombe huko bondeni waliinua vichwa na kuanza kupanda. Walipofika langoni mate yalikuwa yanawaning'inia midomoni, na chumvi yenyewe hawajaiona. Hapo sasa baba yetu alianza maringo yake. Hakumwaga chumvi kwenye hori mara moja. Alimwita kila mmoja kwa jina, akampapasa shingo, akamuuliza habari za malisho, ndipo akamwaga. Jirani akimwambia, "Mzee, si uwape tu," alijibu, "Ng'ombe wangu wanasubiri. Hawa si kuku."

Na wewe pia ulikuwa mtu wa debe. Ulipokuwa na miaka minne au mitano, ukilisikia ulitupa chochote ulichoshika ukaja mbio huku kaptula inaanguka, kwa sababu baada ya chumvi ya ng'ombe kulikuwa na maziwa ya moto kwenye kikombe chako cha bluu. Mama alikuwa akicheka, "Huyu naye nilimzalia zizini." Nimekutania kwa maneno hayo mpaka ukaota ndevu.

Halafu wakaja wale maksai wawili. Tata aliwapa majina ya serikali ya kijiji: Mwenyekiti yule mweusi mwenye kifua, na Katibu yule mwekundu mwenye doa jeupe, kwa sababu kila alikokwenda Mwenyekiti, Katibu alimfuata nyuma. Wewe ndiye uliyewafundisha nira. Nilikuwa chuoni wakati huo nasomea mifugo, na niliporudi likizo nilikukuta unawaongoza kwa mluzi tu, bila mjeledi. Nilikuonea wivu, Marwa. Mimi nilikuwa na daftari limejaa, na wewe ulikuwa na mluzi.

Sasa siku yenyewe. Tata alikuwa amekwenda msibani. Nilikuwa nimetoka kazini Mugumu kwa ajili ya mwisho wa wiki, nimevaa viatu vyangu vya ofisini, nimesimama pembeni mwa shamba na wale akina mama watatu waliokuwa wakipanda mahindi nyuma ya plau. Katibu alikuwa hataki. Mstari ulikuwa unapinda. Nikasema kwa sauti, ili nisikike, "Marwa, huo ni mstari au nyoka amepita?" Wale mama wakacheka. Ningeishia hapo, lakini kicheko cha watu kilininogea. Nikaongeza, "Mura mzima, dume la kijana, unashindwa na ng'ombe wawili!"

Niliona shingo yako inakaza. Uliokota ule mti wa nira ya akiba na kumpiga Katibu mara moja, chini kidogo ya pembe. Alipiga magoti kwanza, halafu akalala. Uliniangalia, ukasema, "Dada, sasa cheka."

Hilo neno nimelibeba mwaka mzima. Watu wa Busawe wote wanajua kwamba Marwa alimpiga ng'ombe wa baba yake kichwani. Lakini nani alisema nini kabla ya pigo, hao mama walinistahi wakanyamaza, na mimi nikanyamaza pia. Wewe ndiye uliyeinua mti, na hilo siwezi kukuondolea. Ila aliyekuchokoza mbele za watu ni mimi, dada yako mkubwa, mtaalamu wa mifugo, na nilifanya hivyo kwa kujifurahisha tu.

Tata aliporudi jioni alikishika kichwa cha Katibu kwa viganja viwili, akakaa naye muda mrefu. Kisha akasema, "Ng'ombe hapigwi kichwani, Marwa. Nilikuambia ukiwa mtoto." Ni hayo tu, hakuongeza. Nadhani ulitaka akufokee na hakukufokea, na asubuhi kitanda chako kilikuwa kitupu. Ukavuka mto Mara ukaenda kuchimba. Nasikia huko umeambiwa Tata alikulaani. Sikiliza kutoka kwangu niliyekuwepo: hakukulaani. Hakutamka neno la laana siku ile, wala kesho yake, wala siku yoyote iliyofuata. Aliyekuletea habari hiyo aliitengeneza mwenyewe.

Katibu alisimama siku ya tatu. Kwa wiki mbili alitembea kwa kuzunguka upande wa kushoto, kisha kuzunguka kukaisha, akala, akanenepa. Tukashangilia. Lakini debe likigongwa, wenzake walipanda na yeye alibaki amesimama bondeni. Tata akasema, "Amekuwa kiziwi." Mama akasema, "Amekuwa mkaidi." Jirani yetu akasema karogwa, maana kwake yeye hata betri ya simu ikiisha imerogwa.

Nikaja kumpima. Niligonga debe karibu yake: masikio yote mawili yakageuka, kwa hiyo si kiziwi. Nikamwekea chumvi kwenye ulimi: mate yakamtoka kama zamani, kwa hiyo mdomo mzima. Lakini debe peke yake, bila chumvi, mdomo ukabaki mkavu. Mwenyekiti aliyefungwa pembeni alikuwa ameshalowanisha kidevu chote. Katibu alisikia, na chumvi aliipenda. Kilichokufa ni kile kinachounganisha hivi viwili.

Kisha nikachukua mjeledi nikaucharaza hewani. Ng'ombe wote wakaruka, mbuzi wakakimbia, Mama akanitukana kutoka jikoni. Katibu aliendelea kutafuna. Yule aliyekuwa akisikia mjeledi kwa jirani anatetemeka ngozi! Nilikaa chini pale pale kwenye samadi nikalia, Marwa, na sketi yangu ya kazi.

Chuoni tulikuwa na mwalimu mmoja mpole ambaye hakuna aliyemsikiliza kwa sababu kipindi chake kilikuwa baada ya chakula cha mchana. Alitufundisha kwamba mnyama haunganishi mambo kwa sehemu moja ya ubongo. Sehemu moja ndani kabisa inaunganisha sauti na hofu, na ikiumia mnyama haogopi tena kile alichofundishwa kuogopa. Nyingine, ile ya nyuma, inampa mnyama kujua saa hasa ya kufumba jicho au kukunja mguu. Na ipo nyingine inayoshikilia sauti iliyokwisha nyamaza mpaka kitu chake kifike. Mimi niliandika yote hayo, nikafaulu mtihani, nikasahau. Sikujua kwamba iko siku nitayatafuta kwenye daftari kwa ajili ya ng'ombe wetu wenyewe. Na sikukipasua kichwa cha Katibu kuangalia. Ninachokuambia ni nilivyomsoma kwa matendo yake.

Tata alisema neno moja, "Mvua za kwanza zikinyesha bado hajui debe, namtoa mnadani." Unajua mnadani maksai asiyejua wito anaishia kwa nani. Hata mimi ofisini ningemshauri mfugaji mwingine vivyo hivyo. Lakini huyu nilisema hapana. Niliona kwamba Katibu akiingia bucha, wewe hutarudi tena hapa, na mimi sitakuwa na uso wa kukutafuta. Nikachukua likizo yangu yote ya mwaka pamoja na siku za nyuma zilizobaki, nikavua viatu vya ofisini, nikahamia zizini.

Wiki ya kwanza nilifaulu vizuri mno. Niliwasimamisha yeye na Mwenyekiti bega kwa bega hatua chache kutoka langoni, nikagonga debe, Katibu akaja! Nilimwita Mama, nikampigia simu mwenzangu wa Mugumu, nikajisifu mpaka nikaishiwa maneno. Tata akatazama siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Mfunge Mwenyekiti." Nikamfunga. Nikagonga debe. Katibu akabaki anaangalia mawingu. Kumbe alikuwa anafuata mkia wa rafiki yake, debe wala hana habari nalo. Tata hakucheka, lakini niliona midomo yake inamsumbua.

Nikaanza upya. Wiki mbili nilimfundisha peke yake, na nilimfundisha hasa kama Tata: nagonga mara tatu, nanyamaza, namwita jina, nampapasa shingo, namuuliza habari za malisho, ndipo namwaga chumvi. Kila siku, asubuhi na jioni. Mdomo ulibaki mkavu. Niliongeza chumvi, nikabadilisha kijiti, nikabadilisha mahali. Nilianza kumwonea hasira, nikamwinulia sauti, na nikasikia ndani yangu ile hasira ya mtu aliyeshika mti wa nira. Niliweka debe chini nikaondoka kwa muda. Nakuambia hili ili ujue kwamba nimelijua hilo jambo, angalau nusu yake.

Aliyenizindua ni Mama, na hakukusudia. Alikuwa na haraka ya kwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Akaja na chumvi kwenye ungo, akanikuta nagonga debe huku nimeshaanza salamu za ng'ombe, akasema, "We Bhoke, mpe huyu ale, salamu zenu hizo ana nini cha kuzikumbuka?" Akamwaga chumvi huku mkono wangu bado unagonga.

Nikasimama kama mtu aliyekumbuka kitu alichoacha jikoni. Ile subira ya Tata, zile salamu, heshima yote ile tuliyokulia nayo, ndiyo iliyokuwa inamshinda. Ng'ombe mzima anaweza kulishika debe kichwani mpaka chumvi ije. Katibu hawezi. Debe likinyamaza, kwake limekwisha, na chumvi ikija baadaye inakuwa kitu kingine kabisa, hakina uhusiano na lile debe. Na mwalimu wetu wa mchana alikuwa amesema hivyo hivyo: mnyama wa namna hii mpe sauti na chakula pamoja, usiache mwanya, na huenda akajifunza.

Sasa ikabidi nimwombe Tata ruhusa. Nilimpa shikamoo mara mbili kabla ya kufungua mdomo, akajua nina jambo. Nikamweleza. Akauliza:

"Shule ndiyo imekufundisha kulisha ng'ombe wangu kama kuku?"

"Huyu mmoja tu, Tata. Wengine waendelee kusubiri."

"Na salamu zake?"

"Nitampa akishakula."

Alifikiri sana juu ya hilo la salamu. Mwishowe akasema, "Usimwache bila salamu." Akaniachia debe.

Siku kumi na moja, Marwa. Nagonga, na chumvi inaingia kinywani debe likiwa bado linalia, na debe halinyamazi mpaka amemaliza kulamba. Mahali pale pale, saa ile ile. Siku ya kumi na mbili niligonga, na kabla sijafungua mkono wangu niliona uzi wa mate unamshuka Katibu kwenye mdomo wa chini, mwembamba, unang'aa na jua la asubuhi. Chumvi ilikuwa bado kiganjani mwangu. Nilipiga kelele mpaka wale mama watatu wakaja kutoka shambani wakidhani nimepigwa pembe.

Kisha nikaanza kurudi nyuma, hatua mbili kila siku, huku nagonga bila kukoma. Mpaka langoni. Mpaka akapanda kutoka bondeni peke yake, Mwenyekiti amefungwa nyuma ya nyumba ili pasiwe na ubishi. Tata alikuwa amesimama anatazama. Mvua ilikuwa imeshaanza kunukia upande wa mbugani. Hakusema chochote kuhusu mnada, wala siku ile wala tangu siku ile.

Usidhani nakuuzia hadithi ya ng'ombe aliyepona. Hajapona. Ukinyamazisha debe yeye akiwa njiani, anasimama katikati ya uwanja na hajui alikuwa anakwenda wapi, na ukimwangalia pale utaumia. Kwa hiyo ni lazima debe ligongwe mfululizo mpaka afike. Nira anaivaa. Anavuta kushoto, na mwaka huu mstari wetu wa kwanza ulipinda kuliko wako wa siku ile. Nilikuwa pembeni na wale mama. Safari hii sikufungua mdomo, na wao pia walipanda mahindi yao wakifuata upindo ulivyo.

Na hofu haikurudi. Hilo nimelipima kila mwezi. Katibu haogopi mjeledi, haogopi fimbo, haogopi mtu yeyote. Najua unachowaza, kwamba utasimama mbele yake na yeye atarudi nyuma mbele ya baba yako, na watu wataona. Hatarudi nyuma. Utamshika pembe na atakulamba mkono akitafuta chumvi. Sijui kama hilo litakufariji au litakuuma zaidi. Mimi liliniuma. Lakini ndivyo ilivyo, na nimeona uje ukiwa unajua.

Mwezi uliopita nilimwambia Tata yote. Nilimwambia kuhusu nyoka, kuhusu mura, kuhusu kicheko. Nilisema aliyemchokoza Marwa ni mimi. Alikuwa anatengeneza mpini wa jembe na hakuacha kuukwangua. Akasema, "Mwite."

Nikamwambia, "Tata, simu yake haipatikani."

Akasema, "Mwite hivyo hivyo."

Kwa hiyo nakuita. Na sitaishia kwenye barua hii. Ikipotea nitaandika nyingine, na likizo ya mwaka ujao nitavuka mto mwenyewe nipite duara moja baada ya jingine nikiuliza akina Marwa wote majina ya mama zao. Nimemfundisha ng'ombe ambaye nusu ya kichwa chake haipo. Wewe chako ni kizima, ni kigumu tu.

Tangu nirudi Mugumu kazini, Tata ndiye anayegonga. Maringo ya kunyamaza ameyaacha kwa sababu ya Katibu. Anagonga bila kupumzika mpaka yule mwekundu aingize mdomo kwenye hori, halafu anampa salamu zake. Jumamosi iliyopita nilikuwa nyumbani. Ng'ombe wote walikuwa wameshaingia, Katibu alikuwa analamba, Mama ameshaweka maziwa jikoni. Tata alikuwa bado langoni, amewapa ng'ombe mgongo, anatazama njia inayoshuka kuelekea mtoni, na anagonga.

Nikamwendea, nikasema, "Tata, Katibu amefika."

Akasema, "Najua." Akaendelea kugonga.

Nakusubiri, Marwa. Kikombe cha bluu kipo, mkono wake umevunjika lakini kinashika maziwa.

Ni mimi dada yako, niliyecheka,
Bhoke